La Belle et la Bête au Angel-A: utazame ipi kwanza?

Mtu ana usiku mmoja wa mapumziko. Anataka filamu ya Kifaransa, ya mapenzi, yenye mambo ya ajabu ndani yake, na anaitaka nyeusi na nyeupe, isiyo na rangi hata chembe. Aanze na ipi? Nimeulizwa swali hili mara nyingi, na jibu la haraka halitoshi. Leo naliandika kwa urefu wake.

Zinazotajwa kila mara ni mbili. La Belle et la Bête ya Jean Cocteau, iliyotoka 1946, ni kisa cha binti wa mfanyabiashara aliyefilisika, anayekwenda kuishi katika kasri la kiumbe mwenye sura ya mnyama ili kuokoa roho ya baba yake. Angel-A ya Luc Besson, iliyotoka Desemba 2005, ni kisa cha tapeli mdogo wa Paris aliyezama kwenye madeni, ambaye anakutana darajani na mwanamke mrefu kuliko yeye kwa mbali, na taratibu tunagundua kuwa mwanamke yule si binadamu. Kati ya filamu hizi kuna miaka 59. Kila moja ina urefu wa saa moja na nusu hivi, kwa hiyo muda si kigezo.

Nimezitazama zote zaidi ya mara moja, na sikuwahi kuzitazama peke yangu. Sebuleni huwa tuko wanne: mimi, mdogo wangu wa kike, shangazi yetu aliyekulia kwenye hadithi za usiku kabla ya kuijua televisheni, na jirani yetu mzaliwa wa Lubumbashi, ambaye Kifaransa anakielewa bila msaada wa mtu. Tumebishana sana. Na mengi tuliyobishania ndiyo hayo hayo ambayo watazamaji wa kwingine wamekuwa wakiyasifia na kuyalalamikia miaka yote.

Niseme mapema nilikosimama: mimi ni wa ile ya 1946. Lakini wapo watu ambao nikikaa nao nitawaambia waanze na Angel-A, na nitaeleza ni kina nani.

Tahadhari moja: nitazungumzia miisho ya filamu zote mbili, kwa sababu ugomvi mkubwa wa watazamaji uko huko. Sehemu yenyewe nimeipa kichwa chake. Asiyetaka kujua airuke.

Kusoma au kutazama

Kuna jambo wahakiki hawalisemi kwa sababu haliwasumbui: maandishi ya tafsiri chini ya skrini.

Angel-A ni filamu ya maneno. André, tapeli wetu, anaongea akitembea, anaongea akipigwa, anaongea akiwa ananing'inizwa juu ya Mnara wa Eiffel. Anayemwigiza ni Jamel Debbouze, mtoto wa wahamiaji kutoka Morocco aliyekulia Trappes, nje kidogo ya Paris, na aliyejipatia jina kwanza kwa kuchekesha jukwaani. Ulimi wake ni wa mtaani, wa haraka, unameza silabi. Anayefuata kwa tafsiri macho yake hayabanduki chini ya skrini. Jirani yetu alikuwa akicheka, sisi ndiyo kwanza tunasoma. Na huko juu, ulikokuwa huangalii, Paris inapita: daraja, mto, barabara tupu za alfajiri. Mtazamaji wa Bukavu au Bujumbura aliyesomea Kifaransa atapata filamu mbili kwa wakati mmoja, ya masikio na ya macho. Sisi tunaotegemea maandishi ya Kiingereza tunapata moja na nusu.

La Belle et la Bête haina haja kubwa ya maneno. Baba anapoingia kasri usiku, hakuna anayemkaribisha. Mlango unafunguka wenyewe. Ukutani kuna vinara vya mishumaa, na kila kinara kimeshikwa na mkono wa mtu uliotokeza ukutani, mkono hai wenye misuli na vidole. Kila anapofika, mshumaa unawaka wenyewe na mkono unamwonyesha njia. Anakaa mezani, mkono mwingine unatoka katikati ya meza na kummiminia kinywaji. Pembeni mwa meko kuna nyuso za sanamu. Ukizikodolea unaona macho yao yanageuka kumfuata, na moshi unawatoka puani. Dakika zote hizo karibu hakuna anayesema kitu, na huhitaji kuambiwa kwamba nyumba hii ina mwenyewe.

Shangazi hasomi Kiingereza. Katika filamu hii aliniuliza maswali mawili tu mpaka mwisho. Katika Angel-A ilibidi niwe msimuliaji kama wale wa vibanda vya video, nikitafsiri juu ya sauti za waigizaji, na nusu saa haijafika sauti yangu ilishakauka. Kama kwenye kundi lako yumo mtu wa namna hiyo, mzee au mtoto asiyesoma haraka, chaguo limeshafanyika.

Kinachonishangaza ni kwamba Besson anajua kunyamaza. Filamu yake ndefu ya kwanza, Le Dernier Combat ya 1983, nayo ni nyeusi na nyeupe, na ndani yake watu karibu hawasemi kabisa. Miaka 22 baadaye akarudi kwenye weusi na weupe ule ule na kujaza maneno kila pembe. Wanaoipenda Angel-A wanasema mazungumzo ndiyo uhai wake, ndiyo ucheshi wake. Wasioipenda wanasema malaika amekuja kutoa semina. Nadhani wote wawili wako sahihi, inategemea ni dakika ipi. Nusu ya kwanza mazungumzo yanachekesha kweli. Baadaye yanaanza kueleza kile ambacho tayari tumekiona.

Kila moja na weusi na weupe wake

Watu husema "filamu nyeusi na nyeupe" kama vile ni kitu kimoja. Ukizitazama hizi mbili usiku wa kufuatana, utaona tofauti yake.

Ya Cocteau ilipigwa kuanzia Agosti 1945, Ufaransa ikiwa ndiyo kwanza imetoka vitani. Umeme ulikatika. Mikanda ya filamu ilikuwa ya kuokoteza. Kuna onyesho ambalo wahusika wanapita katikati ya mashuka yaliyoanikwa, na hata mashuka hayo yalikuwa taabu kupatikana. Cocteau mwenyewe aliugua ngozi vibaya hadi akalazwa, na kwa muda kazi ikasimamiwa na René Clément, aliyekuwa mshauri wake wa ufundi. Jean Marais, anayemwigiza Mnyama, alikaa kama saa tano kwa siku kwenye kiti cha mpambaji: tatu za uso na moja kwa kila mkono. Hayo yote huyaoni. Unachokiona ni picha safi, yenye makali, kila mkunjo wa nguo unaonekana. Mpigapicha Henri Alekan angeweza kuweka ukungu na ulaini, maana hadithi za ajabu huzoeleka hivyo, lakini Cocteau alikataa. Alitaka miujiza ionekane kama habari ya kweli. Nyumba ya mfanyabiashara ina mwanga wa michoro ya Vermeer, umetulia, unaingia dirishani. Kasri lina giza la michoro ya Gustave Doré, na mwanga unakimulika kitu kimoja tu, kingine kinamezwa.

Kwa hiyo mdogo wangu aliposema "mbona sioni vizuri huko nyuma", nilimwambia asubiri. Hakutakiwa kuona.

Ya Besson haikulazimishwa na shida yoyote. Mwaka 2005 rangi ndiyo ilikuwa kawaida, yeye akaiacha kwa makusudi. Mpigapicha wake ni Thierry Arbogast, waliyefanya naye kazi tangu Nikita ya 1990. Walipiga Paris asubuhi na mapema wakati wa kiangazi, kabla jiji halijaamka, na matokeo yake ni jiji ambalo mgeni hatalikuta kamwe: Daraja la Alexandre III halina watu, mto unang'aa kama bati jipya, taa za shaba zimesimama bila kazi. Hapa hata wanaoichukia filamu hunyoosha mikono. Sijasikia mtu aliyesema picha zake ni mbaya. Lalamiko ninalosikia ni kwamba ni nzuri mno, kama tangazo la manukato, na kwamba uzuri huo hauna uhusiano na shida ya André. Mimi sikubaliani. André anajiona mdogo, mchafu, asiyefaa. Kumweka mtu kama huyo kwenye jiji lisilo na doa ndilo wazo lenyewe.

Kuna uzi mmoja unaoziunganisha, na sijui kwa nini hautajwi zaidi. Watazamaji wengi wa Angel-A husema imechukua mengi kutoka Der Himmel über Berlin, filamu ya Wim Wenders ya 1987, ya malaika anayempenda mwanamke na kutamani kuwa mtu. Sasa, aliyepiga picha zile nyeusi na nyeupe za Berlin ni Henri Alekan, huyo huyo wa Cocteau, akiwa mzee. Kwa hiyo ukiona malaika wa Besson amesimama darajani kwenye mwanga wa fedha, mwanga huo una babu yake, na babu yake ni kasri la 1946. Hii ni sababu mojawapo ya mimi kupendekeza utazame kwa mpangilio wa miaka kama una siku mbili.

Mikono, na kioo

Filamu ya mapenzi ina onyesho moja ambalo likishindwa, hakuna kitakachoiokoa. Kila moja kati ya hizi ina lake.

La Cocteau ni hili. Mnyama ana kiu. Amechoka, yuko nje bustanini na Belle, binti aliyechukuliwa kwa sababu ya ua moja la waridi ambalo baba yake alilichuma bila ruhusa. Kila jioni saa moja Mnyama humjia wakati wa chakula na kumwuliza kama atakubali kuwa mke wake, na kila jioni anakataliwa. Hapa hamwulizi. Belle anachota maji kwa viganja vyake viwili na kumwinulia. Kichwa kile kikubwa chenye manyoya kinainama, kinakunywa mikononi mwake. Mnyama anamwuliza kama haoni kinyaa. Belle anasema hapana, anapenda.

Shangazi alishika kanga yake mdomoni. Akasema, huyu ana utu kuliko yule kijana wa kwao anayemtaka Belle. Akatukumbusha kisa cha paa na Sultani Darai, jinsi mnyama alivyompa maskini mke na nyumba, kisha paa mwenyewe alipougua, bwana wake akamsahau. Kwake yeye filamu ya Kifaransa ilikuwa imeingia kwenye hadithi anazozijua tangu utoto, zile zinazoanza kwa paukwa na pakawa. Na Cocteau aliomba hasa mtazamaji wa namna hiyo. Filamu inafunguka na maandishi yake mwenyewe akituomba tumwazime kidogo imani ya mtoto, yule anayeamini kwamba ua likichumwa linaweza kuleta balaa nyumbani, kisha anaandika maneno yanayofungua kila hadithi ya Kifaransa, Il était une fois. Zamani za kale.

Lakini isikupite kwamba Mnyama ni mnyama kweli. Katikati ya mazungumzo ya upole anasikia paa vichakani, masikio yanasimama, macho yanatoka kwa Belle. Baadaye anaonekana na damu, na mikono yake inafuka moshi, maana kila akiua mikono hufuka. Belle anamwambia aone haya, akajisafishe na akalale. Kwangu hapo ndipo mapenzi yanapoanza, sio kwenye maji. Anamsemesha kama mtu anayeweza kuona haya.

La Besson ni onyesho la kioo. André na Angela wamesimama mbele ya kioo, yeye mwembamba na mdogo, mwanamke nyuma yake amempita kichwa na mabega. Angela anamwigiza Rie Rasmussen, mwanamitindo wa Denmark, na tofauti ya kimo imetumika filamu nzima kama kichekesho. Hapa inaacha kuchekesha. Anamtaka ajitazame, kisha aseme "je t'aime" kwa yule aliye kwenye kioo. André anakwepa, anatania, anageuza uso. Anasukumwa tena. Kisha sauti inamkwama na machozi yanatoka. Debbouze mkono wake wa kulia ulipooza baada ya ajali ya reli ya mwaka 1990, akiwa kijana mdogo. Unapojua hilo, mwili ule ulioko mbele ya kioo haubaki kuwa wa André peke yake.

Jirani yetu, mtu mzima mwenye watoto wakubwa, alinyamaza dakika nzima baada ya onyesho hilo. Mdogo wangu akasema ni mahubiri. Ninaowasikia wakizungumzia Angel-A hugawanyika hapo hapo: wapo wanaosema onyesho hilo limewagusa kuliko filamu nyingi kubwa, na wapo wanaosema limewalazimisha kulia. Mimi lilinigusa, na nikakasirika baadaye kwamba filamu haikuliamini. Ilitakiwa inyamaze pale. Badala yake inaendelea kueleza.

Ukitaka tofauti ya filamu hizi kwa kipimo kimoja, kipime hapo. Ya Cocteau inakuonyesha mtu akipendwa na mwingine mpaka akawa mtu. Ya Besson inakuonyesha mtu akifundishwa kujipenda kwanza. Haja zako za usiku huu unazijua mwenyewe.

Malalamiko yaliyo ya haki

Angel-A: njia ya kwanza ya Angela ya kutafuta fedha za kulipia madeni ya André ni kutumia mwili wake, au ndivyo tunavyoonyeshwa. Wanaume wanapanga zamu klabuni. Mdogo wangu alitaka tuzime. Filamu baadaye inaeleza kwamba mambo hayakuwa kama André alivyodhani, lakini kuelezwa baadaye hakufuti kilichotazamwa. Wanawake wengi wanaoitazama wanauliza kwa nini malaika avae gauni fupi kiasi kile na kwa nini kazi yake yote iwe kumtengeneza mwanaume mmoja. Swali zuri, na filamu haina jibu la kutosha. Juu ya hilo kuna matusi, sigara na ngumi. Si ya kutazama na watoto, wala na mama mkwe.

La Belle et la Bête: ni ya polepole. Uigizaji ni wa jukwaani, mtu anageuza shingo kama anayechorwa. Wanaotoka kwenye filamu za leo hupata shida dakika kumi na tano za mwanzo, kule nyumbani kwa dada zake Belle na kelele zao. Wapo pia wanaosema kwamba binti aliyefungiwa ndani akampenda aliyemfungia si kisa cha mapenzi. Nimelifikiria sana lalamiko hili. Filamu inalijua kidogo: Mnyama anamwachia Belle aende kumwona baba yake mgonjwa, tena anamkabidhi ufunguo wa dhahabu wa mali yake yote, na Belle anarudi kwa hiari. Lakini hiari hiyo imekuja baada ya kufungwa, na asiyeridhika nayo hatumlazimishi.

Miisho miwili (ruka kama hutaki kujua)

Hapa ndipo watazamaji wa La Belle et la Bête wamegombana tangu 1946. Mnyama anakufa, anafufuka kama mwana wa mfalme, kijana mzuri, kola ya kifahari, nywele za kupendeza. Na karibu kila mtu niliyetazama naye anasikitika. Mdogo wangu alisema waziwazi: mrudisheni yule. Uso wa kijana huyo ni uso wa Avenant, kijana wa nyumbani aliyekuwa akimtaka Belle na kukataliwa. Jean Marais anaigiza wote watatu, Avenant, Mnyama na mwana wa mfalme. Belle anamtazama, anaulizwa kama ana furaha, anajibu kwamba itabidi azoee.

Wengine wanadhani hilo ni kosa la filamu. Si kosa. Cocteau alieleza kwamba alitaka Mnyama apendeke kiasi kwamba kugeuka kwake kuwa kijana mzuri kuwe hasara kwa Belle. Ukitoka na kinyongo, umepata alichokusudia. Kisha wawili hao wanaruka angani, nguo zinapepea, na hata shangwe ya kupaa haikifuti kile kijineno cha "kuzoea". Mimi sijapata kuona filamu ya mapenzi iliyothubutu kumaliza hivyo.

Besson anakwenda kinyume. Kule kiumbe wa ajabu anakuwa mtu na wote wanapaa. Huku malaika anatakiwa arudi alikotoka, mabawa yanamtoka, anaanza kupaa, na André anamng'ang'ania asiende. Wanaanguka mtoni, kwenye maji yale yale walikoanzia. Anapoibuka amekuwa mwanamke wa kawaida. Wazo hilo nalipenda: mapenzi yanayomvuta mtu chini badala ya kumpandisha juu. Utekelezaji ndio unaowagawa watu. Mabawa ni ya kompyuta na yanaonekana hivyo, na baada ya saa nzima ya mwanga halisi wa Paris, jicho linayakataa. Cocteau alifanya miujiza yake kwa hila za mkono: kurudisha mkanda nyuma, kupunguza mwendo, kumsimamisha Belle juu ya kigari kidogo chenye magurudumu na kumvuta ili aonekane anateleza kwenye ushoroba bila kunyanyua miguu. Miaka imepita na hila hizo bado zinakamata. Shangazi aliuliza, "Sasa huyu anatembeaje?" Kuhusu mabawa hakuuliza kitu.

Kwa hiyo, nani aanze na ipi

Kama unatazama na familia, watoto wa miaka minane kwenda juu wakiwemo, ni La Belle et la Bête bila majadiliano. Wadogo zaidi wataogopa ule uso na ile damu. Kama hujawahi kutazama filamu ya zamani kabisa na unaogopa kusinzia, bado nasema hiyo, lakini vumilia robo saa ya kwanza, mpaka baba apotee msituni. Zima taa zote. Weusi wa Alekan unakufa mbele ya taa ya sebule, utaona majivu tu.

Kama uko na mwenzako, mnasikia Kifaransa, na mnapenda filamu ya mjini yenye maneno ya haraka na kicheko, anzeni na Angel-A. Vilevile kama wewe ni mtu unayejisema vibaya moyoni kila siku. Onyesho la kioo limewasaidia watu, nimewasikia wakisema, na sitaki kulidharau kwa sababu tu mimi napenda filamu nyingine zaidi. Lakini jua kwamba inaanza na mtu darajani anayetaka kujiua, tena mapema kabisa. Kama wewe au mtu wako yuko kwenye kipindi kigumu cha namna hiyo, msiitazame peke yenu usiku. Mkae wawili watatu, na simu ya mtu mnayemwamini iwe karibu.

Kuhusu muziki, Georges Auric kwa Cocteau ana kwaya inayokuingia mgongoni. Anja Garbarek wa Norway kwa Besson ana nyimbo za kunong'ona zinazofaa kusikilizwa hata bila picha. Hapo sina mshindi.

Na kama zote mbili umeshaziona, zipo nyingine mbili. Orphée ya 1950 ni ya Cocteau tena, Marais tena, na safari hii anayependa ni Mauti mwenyewe: María Casares katika nguo nyeusi, anaingia na kutoka kupitia vioo kama milango. Hiyo ni ya mtu anayependa mafumbo. Les Visiteurs du soir ya Marcel Carné, ya 1942, ilitengenezwa Ufaransa ikiwa chini ya Wajerumani. Shetani anatuma wajumbe wawili kwenye ngome ya mwaka 1485 wakavuruge mapenzi ya watu, na mjumbe mmoja anapenda kweli. Shetani kwa hasira anawageuza wapenzi kuwa jiwe, lakini ndani ya jiwe mioyo inaendelea kupiga, na anasikia. Watazamaji wa wakati ule wengi waliisikia nchi yao katika mapigo hayo. Jirani yetu anaiweka juu ya zote nilizozitaja hapa. Ina saa mbili, kwa hiyo ianzeni mapema.